Mulango bila nyumba

Mujukuu wangu Béni,

Hapa Kisangani tuko wazima. Mama yako anauza samaki, magoti yangu tu ndiyo inalalamika. Unauliza kwa nini mulango bila nyumba inarudi katika kila filamu yako, na mwalimu anataka uitoe. Ah, non!

Wakati wa vita tulikimbilia Yanonge kwa pirogi. Koko yako mwanaume alibeba mulango yetu, watu wakacheka. Kule tulilala chini ya turubai, lakini aliisimamisha mbele yake, na majirani wakaanza kupiga hodi. Wewe, mutoto mudogo, ulikataa kuzunguka. Ulipita mulangoni kwanza, ndipo ukalala.

Donc, usiitoe. Koko yako alishatuacha, lakini mulango iko hapa. Njoo, upige hodi. Mimi niko ndani.

Koko yako mwanamuke