Maji Kwanza

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko, na cherehani yako haikusumbui? Mimi mzima, ila kifua kinabana na kikohozi kikavu kimenishika. Mafua tu. Njiwa wa marehemu mama yako wanakusalimu. Majuzi nililifagia banda lao. Kinyesi kilikuwa kimekauka kama saruji, vumbi likatimka, nikatoka mweupe kama mwoka mikate. Angeniona angecheka mpaka akae chini.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, wewe ndiye mzima wa uongo. Jirani ameniambia usiku unaloa jasho, homa inakuja na kuondoka, umekonda, na ngazi tatu tu unahema. Mafua gani ya mwezi mzima? Mficha maradhi unajua kinachomuumbua, sitaki kukitaja. Kwa Mama tulisema "tutakwenda kesho" mpaka kesho zikatuishia. Sina mzazi wa akiba. Nenda hospitali.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimekwenda. Kifua kikuu hakikuonekana, ila picha ilionyesha madoa kwenye mapafu. Daktari akauliza, "Mzee, unafuga ndege?" Nikadhani anataka njiwa. Kumbe ni fangasi! Huota kwenye kinyesi cha ndege, na vumbi likitimka unawavuta mpaka mapafuni. Mimi niliwajua wa vidole vya miguu tu. Nimepewa vidonge vya muda mrefu. Jirani anasema niwachinje njiwa wote. Nimemwambia asubiri nipate pumzi ya kumjibu.

Baba yako

5 Mei

Baba,

Shikamoo, na pole. Usiwachinje kwanza. Unaikumbuka ndoo ya Mama? Hakugusa ufagio kabla ya kulilowesha banda, kitambaa usoni. Nilimuuliza sababu, akasema, "Nguo zangu ziko kwenye kamba, nani atazifua tena, wewe?" Mwulize daktari kama maji yatatosha. Na banda usiingie.

Mwanao

18 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Unaendeleaje? Mimi jasho limekoma, kikohozi kimeniaga, na suruali zimeanza tena kukataa kufungika. Daktari amekubali njiwa wabaki: banda liloweshwe kabla ya kufagiwa, afagie mwingine, tena mwenye barakoa. Basi anafagia jirani, yuleyule mchinjaji, huku akinung'unika. Mimi nakaa kule barazani, nasimamia.

Leo aliingia na ufagio mkavu. Nikapaza sauti, na pumzi ikatosha: "Maji kwanza!"

"Ya nini, mzee?"

"Kuna nguo kwenye kamba."

Akageuka kutazama. Kamba ilikuwa tupu. Akanitazama mimi, kisha akaenda kuchukua ndoo.

Baba yako