Mama Mkwe Alivyonusurika Kufutwa

Ifakara

Mama Sesi wangu,

Kaa vizuri kwanza ndipo usome. Mumeo, aliyeishia darasa la nne, sasa ni fundi wa kompyuta. Ile kompyuta ya steshenari ya mwanao ilikuwa mahututi, nami nimeiponya kwa mikono yangu hii hii.

Haya, acha kucheka. Sikuiponya. Nilimshikia fundi tochi, na umeme ulikuwepo.

Nakusalimu sana. Kikohozi kimekuachia? Na mahindi ya bondeni, nguruwe wamekubakizia, au wamekubakizia mabua ya kunilaumia mimi? Sisi wazima. Mtoto wa Sesilia ameota meno, anamng'ata kila mtu isipokuwa mimi. Ameshajua kwamba babu nyama imeisha. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kukupigia simu mpaka wewe upande kilima, na ukifika juu unapokea kwa kuhema tu.

Sasa sikia kilichotupata. Kompyuta ina tumbo la kuhifadhia vitu, wenyewe wanaliita diski. Kila asubuhi Sesilia akiiwasha, inamwambia nafasi inakwisha. Anafuta nyimbo za wateja, wapi. Akagundua kumbe ukifuta kitu kinahamia tu kwenye pipa la taka humo humo ndani, kama mtu anayefagia uchafu kuusukuma uvunguni. Akalimwaga pipa. Nafasi ikarudi, tukashangilia. Kesho yake jioni imejaa tena! Mitihani ya shule iliyoletwa kuchapwa ikakataa kuhifadhiwa, na mwalimu mkuu amekaa kwenye benchi anatikisa mguu.

"Baba," akasema mwanao, "imebaki kufuta zile video kubwa za nyumbani."

Nikajua anaitaka ipi. Ile ya marehemu mama yako anatwanga na kuimba. Simu iliyomrekodi ilizama mtoni, unakumbuka. Alikuwa amebaki humo tu.

"Umfute mama mkwe wangu? Nifute mimi kwanza."

"Wewe huna ukubwa huo, baba."

"Basi ita fundi!"

Akaja Masanja, kijana wa Kisukuma. Wazazi wake walihamia huku na ng'ombe, yeye akawakimbia ng'ombe akashika kompyuta. Hakufuta kitu. Aliuliza tu ilianza lini. Sesilia akasema tangu tulipoanza kuanika mpunga. Masanja akaiamuru kompyuta imwoneshe kila kilichomo, hata vilivyofichwa, vikubwa vitangulie. Ikatokea folda moja imevimba kuliko zote: ya kamera.

Hiyo kamera Sesilia aliifunga dirishani ilinde uwanja. Kama hakuna kinachotikisika, imetulia. Kikitikisika kitu, inarekodi na kuhifadhi ndani ya kompyuta. Na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuamia ndege kwenye mpunga. Si unajua tunavyofanya shambani? Nikafunga kamba juu ya turubai, nikaning'iniza vipande vya mifuko ya salfeti, upepo ukija vipepee ndege wakimbie. Vikapepea kutwa kucha. Kamera nayo, maskini, ikarekodi kutwa kucha.

Masanja akafungua video moja. Salfeti. Nyingine, salfeti. Nyingine, mumeo nimelala kwenye kiti mdomo wazi, kuku wa jirani wanakula mpunga kwa raha zao.

"Baba! Ulisema wanaoumaliza mpunga ni ndege!"

"Kwani hao ni samaki?"

"Mzee," akasema Masanja, "kirusi wa kompyuta hii ni wewe, tena umekaa hapa unakunywa chai."

Wakafuta salfeti zote, wakageuza kamera itazame mlango, wakaiwekea kikomo ili ikijaza sehemu yake ifute yenyewe za zamani. Nafasi ikarudi na mpaka leo ipo. Mwalimu mkuu akaondoka na mitihani yake na mguu wake. Mama yako tukamnakili kwenye flashi, asikae tena mahali pamoja.

Halafu Sesilia akanifungulia nimtazame. Mke wangu, miaka yote ile mimi na mama yako tuliishi kwa heshima za ukwe. Akitokea njiani, mimi naingia majanini, yeye anageuza shingo. Uso wake sikuwahi kuuona vizuri. Sasa nimekaa naye uso kwa uso, anatwanga, anaimba kwamba mkwe wake ana miguu ya korongo, anacheka mwenyewe. Kumbe alikuwa na mwanya kama wako! Nilimrudia na kumrudia mpaka Sesilia akanikumbusha kuna wateja.

Msalimie shemeji mwenye pikipiki isiyowaka. Dada yako wa kwaya mwambie sauti yake sijaisahau, ingawa nimejitahidi. Kitinda mimba wetu afunge zizi.

La mwisho. Zamu ya kuja kumsaidia Sesilia ilikuwa yako. Ukasema goti, nikaja mimi, na wiki ile ile nikasikia umecheza harusini kwa jirani mpaka kanga ikaanguka. Uliahidi ukipona utanitendea lolote nitakaloomba. Basi naomba. Shuka mpaka Mlimba, panda treni, uje ukae nami hapa mbele ya kompyuta umtazame mama yako. Na hilo la miguu yangu umjibu wewe. Mimi mkwe, siruhusiwi.

Mumeo,
Baba Sesi