Barua Kutoka kwa Mwenye Nyumba wa Salesio

Kinoru, Meru
14 Julai

Kwako Mama Salesio,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu huko Embu kwa kaka yako Kivuti, na baridi ya mwezi huu haijakushika magoti. Huku tu wazima, ingawa mvua ilituacha mapema, maharagwe yakakauka yakiwa na maua. Akina mama wa kanisa wanakusalimu.

Kajuju wangu bado yuko Timau kwa shamba la maua, na sasa amepewa ofisi yenye mlango. Unajua sichoki kumtaja. Zile kadi zinazofungwa na maua ya kwenda Ulaya, maneno yake lazima yapitie kwake. Aliniambia kila nchi kule ina herufi zake, zingine zina vimkia, zingine vinukta, na kompyuta huziweka kwa namba. Zikiandikwa kwa orodha ya nchi moja zikafunguliwa kwa orodha ya nyingine, zinatoka takataka. Yeye ndiye huzirudisha mahali pake. Basi mimi nikasimama kanisani nikasema mtoto wangu anajua lugha kumi na moja za Wazungu.

Ndiyo maana ulikuja kwangu Februari na ile karatasi uliyochapiwa saiba, kule kwa kompyuta za kulipia, herufi zimetapakaa kama mchwa, ukasema imetoka Poland kwa mama mzee aliyempangisha Salesio chumba. Mwenye saiba akamtumia Kajuju barua yenyewe kwa kompyuta. Kesho yake tukakaa jikoni kwangu, nikampigia. Alisema herufi ameshazinyoosha zote, lakini kuelewa haelewi hata neno moja. Tungoje jioni, atatafuta maana akitoka kazini.

Wewe umeshika kikombe, unanitazama mdomo. Niliona aibu. Nikakwambia, "Anasema Salesio ni mzima, kazi tu ndiyo nyingi." Ukacheka, ukasema kijana huyo ni mvivu hata wa kuandika, mpaka amtume bibi wa watu.

Jioni Kajuju alinitumia maana. Salesio alikuwa amelazwa siku ya tisa, mapafu, na simu yake ilipotea na namba zote. Kila asubuhi aliomba asikie sauti yako. Mama yule aliandika namba yake, akasema atapeleka simu mpaka kitandani. Kajuju akaniuliza kama nimekupa. Nikasema nimekupa.

Nilitaka kuja asubuhi. Nikaogopa utaniuliza kwa nini jana nilisema vile. Nikasema kesho, tena kesho. Siku ya tano chifu akaja kwako na habari ya msiba.

Umekuwa ukiambia watu alikufa ghafla, hakupata hata nafasi ya kukutaja. Si kweli, Mama Salesio. Alikutaja kila siku. Ni mimi niliyekalia habari yake.

Nimetia humu barua yenyewe, herufi zikiwa sawa, na maana yake nimeinakili kwa mkono wangu. Namba iko chini. Jumapili niliipiga. Mama mzee akashika, akawa anarudia tu, "Salesio, Salesio." Kajuju nitamwambia mwenyewe akija Jumamosi.

Sikuombi unijibu. Msalimie Kivuti na watu wa nyumba yake. Mungu akutunze, maana mimi sikukutunza.

Ni mimi,
Kathambi, Mama Kajuju