Video Zisizo na Sauti

Shikamoo kaka, na usiseme marahaba kabla hujamaliza kusoma.

Lile boksi la kujifunzia kulehemu saketi ulilonitumia, nusu yake nimeshaiharibu. Vipande vyenyewe ni vidogo kuliko punje ya mchele. Nikipiga chafya tu, natambaa chini ya meza na tochi kutafuta kimoja. Lakini jana kile chenye miguu minane kilikubali, taa ikawaka, nikapiga vigelegele peke yangu.

Unauliza mbona video ninazokurekodia uone kazi yangu hazina sauti, kama simu imekufa. Simu nzima. Sauti naifuta mimi. Baba yuko chumba cha pili, hainuki tena kitandani, na kutwa anakuita wewe. Nikiitika mimi anasema, "Si wewe, mwite kaka yako." Mama alinikataza nisikwambie, eti utaacha kazi. Video ya tatu imekatika katikati kwa sababu niliacha kazi nikamwendea, kaka.

Ya leo sikuifuta sauti. Usiangalie mikono yangu. Sikiliza tu, halafu uje mwenyewe umwamkie.

Mdogo wako