Magnesiamu na Pembe Nne za Shuka

Jumatatu, 3 Machi

Leo shuka imeniponyoka tena mbele ya watu wote wa chumba cha kufulia. Si kwamba niliiachia. Vidole vilikataa! Mume wangu alikuwa upande wa pili, ameshika pembe zake mbili barabara kama ilivyo desturi yake, nami pembe zangu zikaanguka sakafuni, kwenye maji. Shuka ya wodi, ndiyo kwanza imetoka kwenye pasi. Ikabidi irudishwe kufuliwa.

Msimamizi aliniita kando. Alisema, kwa ufupi, kwamba mikono yangu inatetemeka, macho yamezama, na ninasinzia nikiwa wima kama farasi. Nikamwone daktari. Mwezi ukiisha na hali ikiwa ni hii hii, atanitoa kwenye meza ya kukunja anipeleke chumba cha kuchambua nguo chafu.

Nilimjibu kwamba nimeyapokea maelekezo yake. Sauti haikutikisika. Nashukuru kwa hilo.

Lakini meza ile siwezi kuiacha. Tangu mume wangu ahame nyumbani mwezi wa Januari, ndipo mahali pekee ninapomwona. Shuka za hospitali ni kubwa, hukunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnavuta, mnasogeleana, anakukabidhi pembe zake, vidole vinagusana — kisha mnaachana, mnachukua nyingine. Kutwa nzima hivyo. Tulipangiwa meza moja tukiwa maharusi, na hakuna aliyefikiri kutupangua. Wakati wa kukabidhiana pembe hana budi kunitazama.

Hicho ndicho nilichobakiwa nacho.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwona daktari. Nilimweleza kwa mpangilio unaostahili: uchovu usiokoma hata baada ya usingizi, misuli ya miguu kukaza, moyo kwenda mbio pasipo sababu. Alicheka. Akasema: Mama, hapa ni zahanati, si mahakamani! Sikucheka.

Akauliza nani amefariki. Hakuna. Akauliza kama nyumbani kuna amani. Nikamwambia swali hilo liko nje ya mada iliyonileta. Aliweka kalamu chini, akachukua majibu ya vipimo.

Vipimo vimetoka safi. Damu ipo ya kutosha, figo nzima. Alisema ni uchovu wa msongo wa mawazo. Tujaribu vidonge vya magnesiamu, jioni, baada ya chakula. Kwa baadhi ya watu husaidia, kwa wengine havifanyi kitu, na hawezi kuniahidi. Tena akasema kidonge hakikubebei mzigo. Kinakushika mkono tu usianguke nao.

Maneno mazuri. Ningeyapanga vizuri zaidi, lakini mazuri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekunywa cha kwanza. Kikubwa kama punje ya haragwe! Nilikitazama kwenye kiganja kabla ya kukimeza, nikakielekeza rasmi: kazi yako ni mikono. Mengine niachie mimi.

Mchana nilimwonyesha mama wa pasi, ambaye hunitafutia neno kila asubuhi kama mtu anayetafuta kiroboto. Alilisoma lile jina kwenye kopo mara mbili. Magnesiamu! Jina kama la mke wa balozi. Akatangazia chumba kizima kwamba Bi Husika sasa anakunywa mke wa balozi.

Bi Husika ndiye mimi. Ni kwa sababu ya barua. Kila mwenye shida humu ndani, wa likizo, wa mkopo, wa mtoto kukataliwa shule, huja kwangu nimwandikie, nami huanza ipasavyo: “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.” Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusoma matangazo ya ofisi ukutani, nikiwa na ndoo mkononi. Hakuna barua yangu iliyowahi kurudi na jibu la hapana.

Ila mume aliposema anaondoka sikupata hata sentensi moja. Alisimama na begi, akasema: Sina kosa la kukutajia. Nimeishiwa tu. Utajenga hoja gani dhidi ya mtu asiyekulaumu?

Jumamosi, 8 Machi

Tumbo! Siandiki zaidi. Dawa imelifungua tumbo. Moyo bado umefungwa.

Mfamasia amenishauri nipunguze hadi nusu kidonge, nisimeze kabla sijala. Hapo ndipo penye tatizo. Kupika kwa ajili ya mtu mmoja ni kazi ya aibu. Sufuria linakuuliza wengine wako wapi.

Jumanne, 11 Machi

Nimelala. Usingizi wa kweli, mzito, hadi jua likanikuta. Sijui kama ni magnesiamu au ni mwili wenyewe umekata tamaa ya kukesha.

Nilijilaza katikati ya kitanda kwa makusudi, kama mwenye mali. Nilipoamka nilikuwa upande wangu, ukutani. Upande wake haujakunjamana hata kidogo.

Jumatatu, 17 Machi

Mikono imeanza kutii. Leo sikuangusha shuka hata moja, na misuli ya miguu haikunikaza. Mume wangu aliliona. Wakati wa kunikabidhi pembe alisema, polepole: Naona mkono umepata nguvu, dada.

Dada!

Mama wa pasi alimsikia. Hakumkawiza. Dada yako tangu lini? Mlinyonya ziwa moja? Watu wakacheka, yeye akainama kwenye rundo la shuka, masikio yamemwiva. Nikamwonea huruma. Huo ndio ugonjwa wangu hasa, na hauna kidonge: ananichoma, nami natafuta mahali pa kumpuliza yeye.

Alhamisi, 20 Machi

Amesema anataka kuja nyumbani Jumapili. Ana ombo — nimekosea, mkono umetangulia akili — ana ombi. Hataki kulisema kazini.

Aliyatamka hayo shuka ikiwa katikati yetu, kabla hatujasogeleana, kana kwamba anahitaji ukuta. Nikauliza ni ombi la namna gani. Akasema: Wewe ndiye pekee unayeweza kunisaidia.

Mama wa pasi nimemwambia, nikajuta palepale. Alipiga kofi la furaha. Mwanamume akishaanza kuomba, mwenzangu, ujue huko alikokwenda hapakaliki! Kuku karudi bandani, wewe funga mlango tu. Nikamwomba asitangulize hukumu kabla ya ushahidi.

Lakini nimerudi nyumbani kwa miguu, njia nzima, bila kuchoka. Mimi!

Jumapili, 23 Machi

Naandika ili nisipasuke.

Asubuhi niliondoa nguo zangu kwenye nusu yake ya kabati. Nikatandika shuka mpya. Kukunja ile ya zamani peke yangu kulinishinda, nikaishia kuishikilia kwa kidevu. Nilipika kama kwa watu wanne. Nikaoga mapema, nikavaa gauni la bluu, nikalivua, nikavaa la kawaida, nikarudia la bluu.

Alibisha hodi. Mlango ule aliutundika yeye mwenyewe, bawaba moja baada ya nyingine, mimi nikimshikia misumari. Akabisha hodi kama mgeni, na akangoja aitikiwe.

Alikaa ukingoni mwa kiti. Alikula kidogo, akakisifu chakula mara nyingi mno. Nami nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga tangu Alhamisi: kwamba mlango uko wazi, kwamba sitauliza kitu, kwamba yaliyopita si ndwele.

Akasema anataka kuhamia kitengo cha kufulia cha hospitali ya pili, ng'ambo ya mji. Barua ya kuomba uhamisho hajui kuiandika. Akiiandika mwenyewe wataikataa. Barua zako huwa hazirudi, akasema. Niandikie.

Nilikusanya sahani, nikazipanga, nikazipangua. Kisha — Mungu wangu, hii ndiyo tabia yangu — nikamuuliza: Sababu nitaje ipi?

Akasema: Andika uchovu. Maana ndio wenyewe. Kila shuka ninayokukabidhi ni kama naondoka upya. Kutwa nzima naondoka. Nikuache mara ngapi, mama?

Mama. Ameniita kama zamani, katika siku ile ile anayoomba kuhama kabisa.

Hakuna mwanamke mwingine huko. Nilimuuliza, akaapa, namwamini. Ingekuwa nafuu angekuwepo.

Kabla ya kuondoka aliona kopo la vidonge kando ya jagi la maji. Akauliza kama vinasaidia. Nikasema: Kwa baadhi ya watu. Akakiri naye halali, miguu inamkaza, huamka amechoka kuliko alivyolala. Nilimwambia aende kwa daktari, dawa ya mtu haichangiwi. Kisha nikamhesabia vichache kwenye karatasi, nikaikunja, nikamwonya asimeze kabla hajala, tumbo litamwaibisha. Akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu Januari, tulicheka chumba kimoja.

Akaenda. Chakula kimebaki cha watu watatu.

Jumanne, 25 Machi

Nilidhamiria kuiandika vibaya. Nakiri hapa. Barua dhaifu, hoja zimelegea, heshima haitoshi, ili mkubwa aisome na kuitupa. Nani angenishuku?

Nimeshindwa. Nikiandika sentensi mbovu mkono unairudia kuinyoosha. Mkono uleule niliouponya! Nimeandika: “Mwombaji amehudumu kwa uaminifu katika meza ya kukunja, na anaondoka pasipo kinyongo na yeyote.” Nikaitazama. Ni sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Mama wa pasi ameshausoma uso wangu. Hakutania leo. Alinimiminia chai yake nusu, akasema tu: Mganga hajigangi. Akarudi kwenye pasi yake.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika wakati wa chai, nimekalia furushi la foronya.

Asubuhi msimamizi alisimama mezani kwetu akatutazama tukikunja. Nilishika, nikavuta, nikapokea, bila kukosea. Akapiga makofi. Dawa imekubali! Sasa unabaki hapa hapa, dada, sikutoi tena. Nikasema ninashukuru kwa uamuzi huo. Mume wangu aliangalia viatu vyake.

Alipoondoka, mume wangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama barua iko tayari. Nikamwambia baada ya chai.

Ipo tayari. Iko kwenye mfuko wa aproni, imekunjwa mara tatu, pembe zimekutana sawasawa. Haikosi hata nukta. Hakuna mkubwa duniani atakayeikataa.

Kengele imelia. Kupitia mlango ninamwona amenitangulia mezani. Uso wake una nafuu kidogo. Huenda naye amelala. Ameshika pembe zake mbili, na upande wangu shuka inaning'inia hadi chini. Hajaniita. Anangoja tu.

Nimeitazama mikono yangu. Imetulia kabisa. Hata kisingizio cha kuangusha kitu sina —