Miguuni pa Mnara

Alhamisi. Ukungu umelala juu ya mji tangu asubuhi, mlima hatujauona siku ya tatu sasa, na mimi sina raha.

Naandika nikiwa darasani. Ni saa kumi na nusu, wanafunzi wameshaenda. Mama amekaa nje kwenye benchi la barazani, kikapu chake magotini, shuka begani. Humu ndani kuna viti na hakuna upepo, lakini amekataa kuingia.

Ngoja nianze mwanzo. Labda nikiandika nitaona vizuri nilichofanya.

Mwezi uliopita Muriuki, ambaye tunafundisha naye hapa chuo cha kompyuta, alirudi kutoka Nairobi na disketi yenye mchezo. Upande mmoja kuna msitu, upande wa pili kuna kijiji, katikati kuna njia iliyopindapinda. Watu wadogo wanatoka msituni kwa makundi na kufuata ile njia. Kazi yako ni kujenga minara kando ya njia, iwapige kabla hawajafika kijijini. Wakipita kumi, umeshindwa. Makundi yote ni ishirini.

Nilisema huo ni mchezo wa watoto. Baada ya wiki moja nilikuwa nakunywa chai ya saa saba nikiwa nimesimama, ili nisipoteze muda.

Nakiri: mimi sipendi kushindwa, na Muriuki akikushinda atatangaza mpaka kwa muuza magazeti. Basi nikafanya kama mwalimu. Nikachukua karatasi, nikaandika mbinu, nikaibandika ukutani kando ya ile inayokataza kula karibu na mashine. Niliandika kwamba usijenge mnara wa kwanza karibu na msitu, kwa sababu hapo wanapita mara moja tu. Jenga kwenye kona, mnara mmoja uwapige wakija na uwapige tena wakigeuka. Usitapanye dhahabu yako kwa minara mitano dhaifu, imarisha miwili. Tanguliza mnara wa maji, ule unaowapunguzia mwendo, halafu ufuatishe wa moto. Na ukishindwa usianze upya kwa hasira, angalia kwanza wamepitia wapi.

Hiyo ya mwisho ndiyo niliyojivunia zaidi. Wanafunzi walinakili kwenye madaftari yao kwa bidii kuliko wanavyonakili masomo.

Lakini kundi la ishirini lilitushinda sote. Kila mara walipita kumi na moja, kumi na wawili, na mimi mwenye karatasi ukutani sikujua wanapitia wapi.

Jumapili Mama akaja kutoka Kangema kwa sababu ya macho. Asubuhi anakwenda kliniki, mchana anakuja kunisubiri hapa, maana ufunguo wa chumba changu ni mmoja. Jumatatu alikaa nyuma yangu, amefurahi kabisa kuona binti yake mbele ya mashine. Nikamweleza mchezo. Akatazama kwa muda, akauliza, "Na hao wanatoka msituni, wamekula?"

Nilicheka. Muriuki naye akacheka. "Shosho, hao ni maadui! Unataka tuwapikie githeri?"

Mama hakucheka. Akavuta kiti karibu na kioo cha mashine, kwa sababu ya macho yake yale mabovu, akaanza kusimulia.

Nina miaka thelathini na moja na sijawahi kumsikia akisimulia habari ya miaka ile ya hali ya hatari, wakoloni walipopigana na watu wa msituni. Nyumbani kwetu inaitwa "wakati ule", na mtu akishasema "wakati ule" mazungumzo yanahamia kwa ng'ombe. Jumatatu alisema kijiji walimofungiwa na wakoloni kilikuwa na mnara kama huo wangu, hapo langoni, na handaki kuzunguka kote, ambalo wanawake walilichimba wenyewe na kusimamisha mianzi iliyochongwa ndani yake. Homugadi, yaani mlinzi mwenyeji aliyewatumikia wakoloni, alikaa juu na bunduki. Mchana waliruhusiwa muda wa saa moja tu kutoka kutafuta maji na kuni. Yule wa juu aliona mpaka ng'ambo ya pili, lakini hakuweza kuona miguuni pa mnara wake mwenyewe. Kwa hiyo wasichana waliowapelekea watu wa msituni chakula walipita hapo hapo, wamejibana kwenye nguzo, viazi vitamu viko chini ya majani kwenye kikapu.

"Karibu naye kabisa," akasema, akaweka kidole kwenye kioo, chini ya mnara wangu mrefu. "Hapa haoni."

Mimi sikumwangalia Mama. Niliangalia kidole.

Kwa sababu ni kweli, ndipo walipokuwa wakipita! Mnara mrefu unapiga mbali, lakini aliye chini yake haumfikii. Mama alikuwa bado anaongea, kitu fulani kuhusu siku ya mvua na dada yake, na mimi nilikuwa nimeshaanza kujenga minara mifupi pale pale kidole kilipokuwa. Nilikuwa namwitikia "ehe, ehe", jinsi mtu anavyoitikia redio akiosha vyombo.

Kundi la ishirini likatoka msituni. Likafika miguuni pa mnara. Likaishia hapo.

Muriuki akapiga kelele, wanafunzi wakajaa nyuma yangu, mtu akanipiga mgongoni. Katikati ya kelele nikamsikia Mama akiuliza, "Hakuna hata mmoja amepita?"

"Hata mmoja, Mama!" Nilimjibu kwa sauti ya mtoto aliyeleta ripoti ya shule nyumbani.

Akachukua kikapu chake, akaenda kukaa kwenye benchi.

Na mimi nikaenda ukutani. Nikaongeza mbinu ya sita: *Mnara mrefu hauoni miguuni pake. Ziba hapo.* Nikaandika na jina langu chini, ili Muriuki asije akajidai ni yake.

Jumanne na jana Mama amezungumza habari ya dawa ya macho peke yake. Nikimwekea chakula anakula vijiko viwili, anasema ameshiba. Jana nilimkasirikia, Mungu anisamehe, nikamwambia kama hataki kupona aseme.

Leo saa saba niliacha mashine, nikanunua nduma zilizochemshwa, nikakaa naye pale benchini. Nikamwuliza wazi nimemkosea nini. Alimenya nduma yake polepole mpaka ikaisha maganda. Halafu akaongea akiangalia barabara.

"Ile ya siku ya mvua hukuniacha nimalize. Dada yangu alipita hapo miezi mingi, na hakuna mtu alimwona. Halafu kuna mtu wetu, wa hapo hapo kijijini, akaenda akawaambia wale wa mnara. Wakaweka mtu chini."

Wakaweka mtu chini.

Dada yake aliitwa Nyambura. Mimi ni Nyambura kwa sababu yake, maana kwetu jina la dada ya mama linarudi kwa binti. Siku zote niliambiwa kwamba alikufa angali msichana, kwa homa. Sikuwahi kuuliza homa gani.

Nilitaka kusema ni mchezo tu, Mama, ni picha. Namshukuru Mungu sikusema. Yeye akafuta mikono kwa leso, akaongeza, bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi:

"Huyo mtu mimi sijui alipewa nini. Saa zingine nafikiria hakupewa kitu. Alitaka tu kuonekana ati anajua."

Kengele ya saa nane ikalia, nikaingia kufundisha. Sijui nilifundisha nini. Wanafunzi walipotoka, mmoja anayetoka Kiganjo akasimama mlangoni akitabasamu. "Mwalimu, ile namba sita ni moto. Nimewapatia maboyi wote wa kwetu, sasa hakuna mtu anapita." Nikamwambia asante.

Nimeibandua karatasi. Ilikuwa imeshikwa kwa gundi nyingi, nusu ya jina langu imebaki ukutani. Nimeikwaruza kwa kucha mpaka nikachoka, bado inasomeka.

Mama anarudi Kangema kesho na gari la kwanza. Akishafika kule atarudi kwa ng'ombe wake na "wakati ule", na labda sitasikia tena. Amenyamaza zaidi ya miaka arobaini, akanifungulia mlango mara moja, mimi nikapita mbio kwenda kushinda mchezo. Naogopa hatanifungulia tena. Naogopa zaidi kwamba akifungua sitajua la kusema.

Lakini sitakaa humu kutafuta la kusema. Nimeshasema vya kutosha wiki hii.

Nazima mashine sasa. Natoka na kiti changu niketi kando ya benchi, na nitamwuliza siku ile ya mvua Nyambura alibeba nini kikapuni, alikuwa anampelekea nani, na alivaa nini. Nitanyamaza mpaka amalize, hata kama giza litatukuta barazani.

Na nitamwangalia yeye.