Punje Tatu za Mama

Dada Renatha, shikamoo.

Huku Songea mvua zimekata na mahindi ya Mshangano yanakauka vizuri. Jumanne niliripoti mkutano wa kupanga njia mpya ya daladala. Afisa alitandika ramani mezani, akaomba kila mkazi aweke punje ya mahindi kwa kila safari yake ya wiki, pale anapokwenda. Paroko alikuwa amekaa mbele, basi karibu wote wakaweka kanisani, hata Romwaldi ambaye hajaonekana misani tangu Pasaka.

Mama aliweka tatu, zote hospitalini.

"Mama Renatha, kanisa umelisahau?" Romwaldi akamtania.

"Kanisani nafika kwa miguu, baba. Hospitali siwezi tena."

Watu wakacheka. Nikaandika: kanisa mia na nne, hospitali tatu.

Nyumbani nilimuuliza. Kumbe anasafishwa damu tangu Februari, figo zimechoka.

Maoni ya maandishi yanapokelewa hadi Ijumaa. Amekataa nimwandikie, eti paroko atadhani anashindana na kanisa. Wewe anakusikiliza. Mpigie kabla ya Alhamisi, akubali niandike.

Mdogo wako,
Kajetani